Mtoto wa ndugu yako amebaki Kismayo: utamchukua?

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

MFANYABIASHARA anayepeleka mafuta ya kula na madera Kismayo na kurudi na papa mkavu anazijua karatasi za mzigo wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo: bidhaa za kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupatiwa cheti rahisi cha uasili, kinachogongwa muhuri mpakani penyewe, kama inavyofanyika Namanga na Busia. Somalia imekuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024, na huenda siku moja utaratibu huo ukafika Ras Kamboni. Mtoto hana cheti cha namna hiyo.

Na watoto wanavuka. Wanavuka kwa mashua, wamekaa katikati ya magunia, wakiwa na shangazi, mjomba, au mama wa jirani aliyeombwa awafikishe. Wengi wanapelekwa kulelewa, na wanaowapokea ni watu wa biashara, kwa kuwa ndio wenye nyumba upande huu, wenye jamaa upande ule, na wanaojulikana kuwa na chochote mfukoni.

Tuchukue mfano ambao msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Wewe ni mama wa biashara, una mume na watoto wako, na nusu ya mwezi uko safarini. Binamu yako amefariki Kismayo. Mumewe, mvuvi, alitoka kwenda kutega kamba karibu na Koyama miaka miwili iliyopita na hakurudi. Wamebaki watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miezi minane, mtoto wa ndoa ya pili ya marehemu ambayo haikudumu. Wako kwa bibi yao, na macho ya bibi yamekwisha nguvu. Simu inapigwa. Hakuna anayekuuliza kama unaweza. Unaambiwa tu kwamba wana hawa ni wako, na kwamba jahazi litaondoka baada ya siku kadhaa.

Utajibu nini?

Pwani iliyozoea kulea

Kwa Wabajuni, kuchukua mtoto wa mwenzio ni jambo la kila siku. Kaskazini mwa Lamu watu bado husema "mwana" hata kwa mtoto wa jirani, na mtoto hula anapokutwa na chakula. Visiwa na vijiji vyenyewe vimejipanga kwa namna hiyo: Chula, Chovai, Koyama na Ngumi upande wa Somalia, kisha Kiwayu, Ndau, Faza na Kizingitini upande wa Kenya, ukoo mmoja umetawanyika pande zote mbili za mstari uliochorwa na wengine. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, vijana waliotumwa kusoma Msikiti wa Riyadha mjini Lamu walikuwa wakilala na kula kwa watu wa mji.

Vita vilizidisha haja hiyo. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwang'oa Wabajuni kutoka vijiji vya bara upande wa Kenya, na wengi hawakurudi. Mwaka 1991 serikali ya Mogadishu ilipoanguka, zamu ikawa ya wa Kismayo na visiwani. Hawakuwa na wapiganaji wa ukoo wa kuwalinda. Nyumba zikatwaliwa, vyombo vikaporwa, watu wakapanda majahazi kuelekea kusini. Wengi walifikia kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997 na baadhi yao kurejeshwa visiwani. Katika miaka hiyo yote watoto waligawanywa kwa jamaa, kwa marafiki, na mara nyingine kwa watu waliokutana nao chomboni.

Haya yalifanywa kwa mdomo, kwa nia njema, na mengi yalikwenda vizuri. Lakini leo wako watu wazima wa miaka thelathini na tano, wenye biashara zao Mombasa, ambao jina la baba lililo kwenye kitambulisho ni la mtu aliyewalea. Hao ndio wanaolipa gharama ya mambo ambayo wazee wao hawakuyauliza siku ile.

Swali la kama kuna ubwabwa wa kutosha nyumbani hujibika upesi. Yako mengine manne yaliyo magumu zaidi: jina, maziwa, nani atakayelea hasa, na karatasi. Na yote yanafaa kuulizwa kabla chombo hakijang'oa nanga.

Jina la baba na nyumba ya Kismayo

Hebu tutenganishe maneno kwanza, maana ofisini hutumika ovyo. Kuasili ni kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, akachukua jina lako na kukurithi. Malezi ya kambo, kama sheria za Tanzania zinavyoyaita, ni kumlea mtoto kwa muda chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, bila kuwa mzazi wake. (Neno "kambo" wangelitafutia badala, mtoto gani wa pwani atafurahi kuambiwa anakwenda kwa mama wa kambo?) Kafala, ambayo ndiyo njia ya Kiislamu, ni kujifunga kumtunza mtoto kama unavyotunza wako: chakula, mavazi, elimu, adabu. Nasaba yake inabaki ilivyo.

Msingi wa kafala uko katika Sura ya Al-Ahzab, inayoamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume na kuitwa Zaid bin Muhammad, akarudishiwa jina la baba yake. Malipo ya mlezi wa yatima yametajwa kuwa makubwa kiasi cha kuwa karibu na Mtume peponi kama vidole viwili vya mkono mmoja. Masheikh wa pwani hulihubiri hili la pili kila mwaka. La kwanza halisikiki sana, nalo ndilo lenye matatizo.

Kwa sababu katika maisha ya kawaida, jambo rahisi kuliko yote ni kumwandikisha mtoto kwa jina la mumeo. Shule inataka cheti cha kuzaliwa, mtoto hana, mkunga anafahamika, cheti kinapatikana. Mlezi hulichukulia jambo hili kuwa ni huruma. Sheria ya Kenya inaliita kutoa taarifa za uongo katika usajili wa vizazi, na ni kosa la jinai.

Kwa mtoto wa Kismayo hasara haiishii hapo. Msomali hutambulika kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Kwa jina hilo wazee wanajua yeye ni wa nani, na kwa jina hilo anaweza kusimama siku moja mbele ya kadhi na kusema nyumba ile karibu na bandari ni ya babu yangu. Nyumba nyingi za Wabajuni zilizotwaliwa baada ya 1991 hazina hati ya maana mkononi mwa wenyewe. Kilichobaki ni kumbukumbu ya watu na mnyororo wa nasaba. Mtoto ukimpa jina la mumeo, umeukata mnyororo huo kwa mkono wako, na miaka ishirini baadaye atakayekuwa amekaa katika nyumba hiyo hatahitaji hata wakili.

Msichana wetu wa miaka tisa ana jambo jingine la kuangaliwa: baba yake alipotea baharini. Je, amekufa? Kila mtu kisiwani anasema ndiyo. Kisheria, hata hivyo, aliyepotea hahesabiwi maiti mpaka kadhi apokee ushahidi: chombo kilionekana kimevunjika, wavuvi wenzake wameshuhudia, muda umepita. Sheria ya Ushahidi ya Kenya huchukulia kuwa mtu amefariki iwapo hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangesikia habari zake. Hukumu isipotolewa, mirathi haigawiwi, na mashua yake, nyavu zake, au sehemu yake ya kiwanja vitabaki kwa nani aliyevishika. Bibi asiyeona vizuri hataliendea jambo hili. Litamwangukia mlezi. Kabla ya kumchukua mtoto, uliza alichoachiwa, na uliza ami zake, yaani ndugu za baba yake, wanasemaje. Ndio watakaokuwa mawalii wake siku ya ndoa. Mumeo, hata akimlea kwa miaka kumi na tano, hana uwalii juu yake; wasipokuwapo wa nasaba, uwalii huenda kwa kadhi. Nimesikia zaidi ya mara moja kuhusu nikaha zilizokwama siku yenyewe kwa sababu hakuna aliyelifikiria hili.

Maziwa

Mvulana wa miezi minane ana mlango ambao dada yake hana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu na ya Somalia, mtoto akinyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wa kunyonya wa mama huyo na wa mume mwenye maziwa hayo. Watoto wao wanakuwa ndugu zake, hawaoani, na mambo ya sitara ndani ya nyumba yanakuwa mepesi. Si lazima unyonyeshe mwenyewe. Akinyonyeshwa na dada yako, wewe unakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa kunyonya. Akinyonyeshwa na mke wa kaka yako, unakuwa shangazi yake wa kunyonya. Kwa vyovyote unakuwa maharimu wake. Hutalazimika kujifunika mbele yake atakapokuwa kijana wa miaka kumi na minane anayekuletea maji ya kunywa.

Muda ni mfupi, kwa hiyo familia inayoahirisha uamuzi kwa mwaka mmoja na nusu imeamua tayari, hata kama haijui. Na maziwa yana upande wake wa pili. Yanafunga ndoa ambazo ukoo mdogo huenda ungezitaka baadaye, na katika visiwa ambako watu huoana wao kwa wao, jambo hilo lina uzito. Ndiyo maana wanawake wa zamani walikumbuka nani alimnyonya nani kama wanavyokumbuka madeni. Leo mnyonyeshaji yuko Mombasa, mtoto atakulia Lamu, na mchumba huenda akatokea Kismayo. Andikeni: nani alinyonyesha, mara ngapi, mbele ya nani, tarehe ipi.

Msichana wa miaka tisa amevuka umri huo. Kwa mumeo na kwa wanao wa kiume si maharimu, hata mkimpenda namna gani. Kwa miaka mitatu minne mambo yatakwenda bila tabu. Akibaleghe, nyumba ya vyumba viwili inakuwa finyu ghafla. Wako walezi waliomrudisha msichana kwa jamaa akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu hii tu, na mtoto akabaki akijiuliza amekosa nini. Kama nyumba yako haina nafasi ya kumpa sitara yake, jambo hilo linajulikana leo. Liseme leo.

Nani atalea?

Hapa mwandishi ataomba radhi kwa wasomaji wake, kwa maana swali hili ni lao hasa. Mfanyabiashara ana uwezo wa kulisha lakini mara nyingi hana muda wa kukaa. Uko Mombasa Jumatatu kununua mali, Lamu Alhamisi, wiki ijayo uko njiani kwenda kaskazini au unasubiri bahari itulie, maana kusi likivuma hakuna anayekwenda popote. Nani atampeleka mtoto wa miezi minane kliniki? Nani ataamka naye akiwa na homa?

Jibu la haraka ni kwamba wako watu nyumbani. Mara nyingi hao watu ni mkweo aliyechoka, binti yako anayejiandaa na mtihani, au, tuseme ukweli, yule msichana wa miaka tisa mwenyewe. Ameletwa kulelewa, na baada ya mwezi mmoja anaosha vyombo, anabembeleza mdogo wake, anauza barafu mlangoni, na shule imeahirishwa "mpaka muhula ujao". Hakuna aliyepanga kumfanya mtumishi. Imetokea kwa kuwa alikuwapo, ni mtiifu, na hana mama wa kumtetea. Majirani wanamsifu kwa bidii yake.

Kipimo ni chepesi. Watoto wako wakienda shule saa moja asubuhi, naye anakwenda? Wakilala kitandani, analala wapi? Nguo za Idi zilinunuliwa ngapi? Mlezi ambaye hawezi kujibu bila kusitasita ajue kwamba mtoto huyo ameshalijua jibu.

Na mumeo? Katika kafala mwanamke wa biashara huweza kujitwika gharama zote kwa mali yake mwenyewe, lakini nyumba ni ya wawili. Mume aliyekubali kwa kunyamaza hajakubali. Afadhali ugomvi wa usiku mmoja kabla ya jahazi kuondoka kuliko manung'uniko ya miaka kumi yanayosikiwa na mtoto kila sahani inapowekwa.

Mpakani

Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu, Ras Kamboni ikiwa mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Julai mwaka huohuo Kenya ikaahirisha kufuatia mashambulizi. Desemba 2024 majeshi ya serikali kuu ya Somalia na ya Jubaland yalipigana Ras Kamboni, na askari wenyewe wakakimbilia upande wa Kenya. Kila msomaji wetu anajua kwamba katika hali hiyo vyombo havikuacha kwenda. Lakini kuvusha mtoto si sawa na kuvusha sukari, na doria isiyojali sana sukari inaweza kumjali mtoto asiye na mzazi, tena ni haki yake kumjali.

Sheria ya Kenya ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inamtoza anayepatikana na hatia kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyo inawalenga wanaosafirisha watu ili kuwanyonya, na shangazi mwenye nia njema si mhalifu wa aina hiyo. Shida ni kwamba mbele ya ofisa, usiku, mama mwenye watoto wawili wasio wake, bila barua wala hati, anafanana sana na mtu ambaye sheria inamtafuta. Kumtofautisha kunaweza kuchukua majuma, na majuma hayo mtoto atayakaa mahali pa watu asiowajua.

Barua inayosaidia huanzia Kismayo: maandishi ya wazee wa mtaa na ami za watoto, mbele ya kadhi, yakieleza wazazi walikuwa nani, wamepatwa na nini, nani anayekabidhiwa, na kwamba jina halibadilishwi. Upande wa Kenya hatua ya kwanza ni ofisa wa watoto wa eneo, kabla ya shule na kabla ya mkunga wa vyeti. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitaja kafala kwa jina lake, jambo ambalo sheria iliyotangulia haikulifanya, na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto waondolewe katika makao na kulelewa ndani ya familia. Anayebisha mlango wa ofisi hiyo leo haendi kuomba jambo geni. Zanzibar nayo ina kafala katika Sheria yake ya Mtoto ya 2011.

Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto Oktoba 2015, lakini ikajitoa katika vifungu vitatu, cha 14, 20 na 21, kwa hoja ya kulinda sharia. Kifungu cha 20 ndicho hasa kinachotaja kafala kuwa njia halali ya kumlea mtoto asiye na familia. Kwa maneno mengine, serikali imekataa kufungwa na kifungu ambacho kinatambua desturi ya watu wake. Ukijiuliza kwa nini kadhi na wazee wana uzito zaidi kuliko ofisi yoyote Kismayo, kumbuka pia kwamba sheria ya familia ya mwaka 1975, iliyosawazisha urithi wa mwanamume na mwanamke, ilipingwa misikitini na masheikh 10 wakauawa na utawala wa Siad Barre. Tangu hapo neno "sheria ya familia" halisikiki vyema masikioni mwa wengi.

Jambo moja wengi hulikosea. Katiba ya Kenya, kifungu cha 15, inampa mtoto wa kigeni aliyeasiliwa na raia haki ya kuomba uraia. Kafala si kuasili, kwa hiyo haileti uraia. Mtoto wako wa kulea atabaki Msomali mpaka njia nyingine halali ipatikane, na utalazimika kuishi na hilo, pamoja na safari za ofisini. Ndiyo sababu kishawishi cha cheti cha uongo ni kikubwa. Lakini watu wa Garissa wanaweza kukusimulia kinachotokea mtu anapoandikwa kwenye daftari lisilo lake: maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi Dadaab ili wapate posho ya chakula walijikuta wakinyimwa vitambulisho vya nchi yao kwa miaka mingi.

Na kama mtoto anakimbia hatari ya kweli, kwa mfano mvulana anayetakiwa na Al-Shabaab, kundi ambalo Umoja wa Mataifa huliorodhesha kila mwaka kwa kuandikisha watoto vitani, basi njia ni ile ya ukimbizi, wala si ya ujamaa pekee. Dadaab, watoto waliofika peke yao wamekuwa wakiwekwa katika familia za walezi, na mashirika huwatembelea baadaye kuona wanavyoishi. Ziara hizo huwaudhi baadhi ya walezi. Zinafaa.

Au abaki alipo

Kuna jibu ambalo simu ile ya Kismayo haikulitaja: kumlea mtoto bila kumhamisha.

Fikiria tena. Msichana ana miaka tisa, ana madrasa yake, ana marafiki, anajua Kisomali cha mjini na Kibajuni cha nyumbani. Ana ami mmoja aliye hai, maskini lakini mwenye mke mwema. Kinachokosekana pale ni pesa. Wewe mfanyabiashara ndiye mwenye njia ya pesa: hawala inafika Kismayo siku hiyohiyo, na huko watu hulipana kwa dola kwenye simu hata wanaponunua mkate. Kiasi ambacho ungekitumia kumlisha Mombasa huenda kikamlisha yeye, mdogo wake na bibi. Hiyo nayo ni kafala kamili. Anayetoa akiwa mbali hahesabiwi kuwa nusu mlezi.

Ina masharti yake. Pesa itumwe kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa tarehe inayojulikana, na ami zake wote wajue ni kiasi gani. Kila safari ya Kismayo, kabla hujakwenda sokoni, pita uwaone watoto. Muulize msichana amefika juzuu ya ngapi, umtazame miguu kama ana viatu. Ukisita kufunga safari kwa sababu ya usalama, mtume mtu mwingine, asiye wa nyumba ile.

Mdogo wake ni habari nyingine. Miezi minane, bibi asiyeona, na maziwa ya unga yanayochanganywa kwa maji ya kisima. Kwake kusubiri ni hatari kuliko safari. Hapa wengine watapinga kutenganisha ndugu, na wana hoja: mara nyingi dada ndiye mama pekee anayemjua. Kwa maoni yangu, mchukueni mdogo kama yupo wa kumnyonyesha, dada abaki iwapo ami na mkewe wanamtaka kweli, na safari za biashara ziwe kamba ya kuwaunganisha. Kama ami anasitasita, waje wote wawili au msimchukue hata mmoja mpaka nyumba ipatikane. Na kabla ya yote, baba wa yule mdogo, aliyeachana na marehemu, atafutwe. Yatima kwa sharia ni aliyefiwa na baba; huyu huenda baba yake yu hai Kudhaa au Mogadishu. Hilali Nyekundu ya Somalia na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutafuta jamaa waliopotezana, na kwa miaka mingi majina yao yamesomwa redioni kwenye idhaa ya Kisomali ya BBC. Kumlea mtoto ambaye baba yake anamtafuta ni balaa kwa wote watatu.

Mali yake na mali yako

Mtoto wa kulea hakurithi. Ukifa ghafla, na barabara na bahari zetu tunazijua, wanao watagawana na yeye atatoka na nguo zake. Dawa ipo na ni ya zamani: wasia, usiozidi theluthi ya mali, kwa mtu asiye mrithi. Au hiba ukiwa hai na mzima: cherehani, ng'ombe, sehemu ya duka, ikabidhiwe mbele ya mashahidi. Mlezi anayesema atafanya baadaye mara nyingi hafanyi.

Cha kwake kiwekwe mbali na cha kwako. Kama kadhi ameshahukumu kuhusu baba aliyepotea na mashua imeuzwa, fedha zile si mtaji wako, hata kama msimu ni mzuri na faida inaonekana kwa macho. Mlezi mwenye uwezo ameamriwa ajizuie nazo kabisa. Asiye na uwezo ale kwa kadiri, kwa kazi yake ya kulea. Kuwa na daftari la pili si kazi ngumu kwa mtu anayeandika madeni ya wateja arubaini: ukurasa mmoja wa kilichoingia, mmoja wa kilichotoka, na sahihi ya ami yake kila anapopita Lamu.

Daftari hilo linafungwa siku atakapobaleghe na kuonekana ana akili ya kushika mali. Siku hiyo anaketishwa, anasomewa hesabu tangu jahazi la kwanza, anakabidhiwa kilicho chake, na Kurani imetaka mashahidi wawepo.